Mstari Mwekundu Haukutokea

Ujumbe wenyewe ulikuwa na sentensi nne. Niliuandika jioni, macho yamechoka, nikimwandikia mwenzangu wa kazi ambaye Kiingereza amezaliwa nacho. Ripoti tuliyokuwa tukihangaika nayo ilikuwa tayari. Kesho yake kulikuwa na kikao cha mtandaoni cha kuiwasilisha, na saa ya kikao ilikuwa inaangukia usiku wa manane kwake. Nikamwonea huruma. Nikataka kumwambia: si lazima uingie, wewe lala, sisi tutamudu.

Nikaandika: "You must not join the call tomorrow. We will manage."

Kabla ya kutuma nikarudi juu kukagua. Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno "the report and its annexes", nikakwama pale kwenye "its". Ina ritifaa, ile alama ndogo (') inayoning'inia juu, au haina? Nikajisomea ile kanuni kimoyomoyo, nikaridhika kwamba haina, kisha nikairudia tena kwa usalama zaidi. Programu ninayoandikia haikupiga mstari mwekundu popote. Nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyeandika Kiingereza safi.

Asubuhi nikakuta jibu. Neno moja na nukta.

"Understood."

Nikasema moyoni, huyu naye hapendi maneno mengi.

Wiki tatu baadaye mwenzetu wa tatu akaniuliza pembeni, kwa sauti ya mtu anayepima joto la maji kwa kidole: "Hivi wewe na yule mna nini? Anauliza alikosea wapi hadi ukampiga marufuku kikaoni."

Nikaufungua ule ujumbe, nikausoma upya kwa macho yake. "Must" tunaijua kuwa ni lazima. "Not" ni si. Kwa hiyo "must not" ni si lazima, sivyo? Sivyo. "Must not" ni usithubutu. Si lazima ni "you don't have to". Mimi nilimwambia mtu apumzike, yeye akasoma kwamba asionekane. Na ile "we will manage" niliyoiweka kumtuliza ikawa ndiyo chumvi kwenye kidonda: tutaweza bila wewe.

Kosa lenyewe ningelisahau. Kilichonikaa kooni ni ile dakika nzima niliyoitumia kuilinda "its". Nilikuwa nimekesha dirishani na mwizi amepita mlangoni.

## Ritifaa niliyoipigania

Kanuni unaijua. "It's" ni "it is" au "it has" iliyobanwa; "its" ni -ake ya kitu au mnyama. Ukiweza kusoma "it is" au "it has" pale pale na sentensi ikasimama, weka ritifaa. Isiposimama, iondoe. Kuifundisha kunachukua dakika moja. Kuizoea, wengine tumeingia uzeeni bado tunasita.

Kuna binti tunayefanya naye kazi, mdogo wangu kwa umri, ambaye huniletea maandishi yake ya Kiingereza niyapitie. Katika siku zile za kukosa raha aliniletea kurasa mbili, nami kwa mazoea nikazungushia "it's" yake duara. Hakukasirika. Aliuliza tu.

"Kaka, 'the teacher's book' ina ritifaa kwa sababu kitabu ni cha mwalimu. Sasa kurasa ni za kitabu. Kwa nini zenyewe zinyimwe?"

Nikamjibu jibu la wavivu. Ndivyo ilivyo.

Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi, nikaenda kutafuta. Kumbe "its" ni neno changa kuliko nilivyodhani. Biblia maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika chapa yake ya kwanza, haina "its" hata moja. Mti ulizaa matunda "yake" kwa neno "his", kana kwamba mti ni bwana mmoja. "Its" ilipoanza kuenea, waandishi wengi waliiwekea ritifaa, kwa hoja ile ile ya binti yetu: ni umiliki, na umiliki una ritifaa. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, Ibara ya Kwanza, kifungu cha 10, inataja sheria za ukaguzi za jimbo kwa maneno "it's inspection Laws". Iliandikwa kwa mkono mzuri, ikawekwa sahihi na mabwana wazima, na ritifaa yake iko pale hadi leo. Karne ya 19 ilipoingia ndipo mkondo ukageuka na "it's" ya umiliki ikaanza kuhesabiwa kuwa ujinga.

Nilimpelekea hayo binti. Akacheka sana. "Kwa hiyo nimekosea pamoja na walioandika katiba?"

Ndiyo, mdogo wangu. Ila umechelewa kuzaliwa.

## Hakimu asiye na joho

Niseme ukweli wangu. Kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa wale watu. Mtu anaandika "your welcome" kwenye kundi la simu, mimi nainakili, naipeleka kundi lingine, tunacheka. Mtu anaandika "I will loose my job" nami najibu kwa nyota na neno moja, "*lose", bila salamu, bila hata kumuuliza kazi yake ina nini.

Alikuwa anapoteza kazi, nami nikamsahihisha "o".

Halafu tazama tulivyo na Kiswahili chetu. Tunaandika "alafu" na "ivi" mchana kweupe. Tunachanganya kuthamini na kudhamini, ambayo si mambo mamoja hata kidogo. Aliyenithamini ananiona nina maana, aliyenidhamini anaweza kujikuta analipa deni langu. Hakuna anayetuma nyota. Ila Kiingereza, eeh, hapo kila mmoja ni hakimu. Nadhani ni kwa sababu tulikipata kwa kiboko na alama za mtihani, na mtu akikipata kitu kwa tabu hapendi kumwona mwingine anakibeba ovyo.

## Ndugu wa tumbo moja

Nilipoanza kufuatilia "its" sikuweza kuacha. Nikachukua zile jozi zinazotutoa jasho, moja baada ya nyingine, nikitafuta zilikutania wapi. Karibu kila nilipochimba nikakuta kitovu kimoja.

"Then" na "than" zilikuwa neno moja. Kwa karne nyingi watu waliziandika kwa namna hii au ile bila kujali, na ni mnamo mwaka 1700 ndipo tofauti ya a na e ilipotulia: "then" ya kisha, "than" ya kuliko. "Flower" na "flour", ua na unga, nazo ni neno moja. Unga uliochekechwa vizuri ulionekana ndio ua la nafaka, sehemu yake bora, na kwa muda mrefu viliandikwa sawasawa. "Passed" na "past" ni kitenzi kile kile kilichoachana na kivuli chake. "Discreet", mtu anayejua kutunza siri, na "discrete", vitu vilivyotengana, vimetoka kwa neno moja la Kilatini lenye maana ya kutenganisha.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni "stationary" na "stationery". Ya kwanza ni kusimama mahali pamoja, ya pili ni karatasi na kalamu. Nilikuwa nimekariri kwamba ile yenye e ni ya "envelope", basi. Kumbe katika Ulaya ya zamani wachuuzi wengi walikuwa wa kutembeza, na muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu aliitwa kwa jina la kile kituo chake. Yeye hatembei, yuko pale pale. Bidhaa zake zikachukua jina lake. Kwa hiyo anayeandika moja badala ya nyingine amekosea tahajia ya leo, lakini amegonga mlango wa nyumba ile ile.

"Affect" na "effect" nazo ni mtu na mdogo wake: zote mbili zimetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutenda, kila moja imevaa kiambishi chake. Hapa Kiswahili kinatusaidia bila sisi kujua, maana nacho kina mzizi mmoja kwa yote mawili: kuathiri na athari. "Affect" ni kuathiri, "effect" ni athari, na ukishika hayo umemaliza asilimia kubwa ya safari. Mtego uliobaki ni kwamba "effect" nayo huweza kuwa kitenzi, kwa maana ya kuleta. "To effect a change" ni kuleta badiliko. "To affect a change" ni kuathiri badiliko ambalo tayari lipo. Herufi moja, na mleta mabadiliko amegeuka kuwa mtu wa kuyagusa gusa.

Nisieleweke vibaya. Kuwa ndugu hakumaanishi hazitofautiani. Ila baada ya kuujua ukoo wao, ile dharau yangu ilianza kukosa pa kukaa. Mtu anayechanganya "then" na "than" anachanganya kitu ambacho lugha yenyewe ilikichanganya kwa miaka mia kadhaa.

## Sikio na jicho

Jambo jingine nililoliona polepole: makosa yana uraia.

Anayeandika "could of" badala ya "could have" mara nyingi ni mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Alikisikia kwanza, akiwa mgongoni mwa mama, miaka mingi kabla ya kukiona kwenye karatasi. Sikio lake limebeba "could've", na "could've" ikitamkwa haraka inasikika kama "could of". Vivyo hivyo "your" na "you're", "there" na "their" na "they're". Sikioni hazina tofauti, na yeye anaandika anachosikia.

Sisi wengi tulianza kwa jicho. "They're" tuliiona ubaoni kabla hatujaisikia ikitoka kinywani mwa mtu. Ndiyo maana utamkuta mtu anayehangaika kuagiza kitu kwa Kiingereza cha mdomo, lakini ukimpa kalamu ritifaa zake zote ziko mahali pake. Na ndiyo maana tunapenda kumcheka mwenye lugha akiandika "your welcome". Tumempata kwenye uwanja tulioufanyia mazoezi zaidi yake.

Makosa yetu yanatoka kwingine. Sisi tunatafsiri.

"I am hearing a bad smell," kwa sababu harufu tunaisikia. "Borrow me your pen," kwa sababu kuazima ni kitenzi kimoja kinachokwenda na kurudi: mimi naazima, wewe niazime, na tukisema kukopa, kukopesha ni mkia tu tumeuongeza, mzizi haujabadilika. Kiingereza kinataka mzizi mwingine kabisa, "lend", na hakiombi radhi. "I am here since morning", kwa sababu niko hapa tangu asubuhi na bado nipo, sasa "I have been" imeingiaje? "Informations", "advices", "equipments", kwa sababu taarifa tunazihesabu, moja, mbili, tatu, na hakuna aliyetuambia kwa sababu inayoeleweka kwa nini Kiingereza hakitaki.

Sasa hebu zipange sentensi hizo mbele ya mtu yeyote anayejua Kiingereza. Atatabasamu labda. Lakini je, kuna hata moja ambayo hataielewa? Anayeomba "borrow me" atapewa kalamu. Anayesikia harufu atafunguliwa dirisha.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipopinda.

## Makosa yaliyovaa suti

Makosa tunayoyacheka ni yale yanayoonekana. Yana kilema usoni. Lakini ule ujumbe wangu haukuwa na kilema. Sarufi yake ilikuwa imenyooka, tahajia imenyooka, "its" imenyooka. Ulisema tu kitu kingine.

Nikaanza kuwinda wenzake.

Wa kwanza nilimkuta kwenye zile kurasa mbili za binti. Alikuwa ameeleza mafunzo fulani, akaandika kwa kujivunia: "Few participants finished the exercise before time." Nilikuwa nimeipita sentensi ile bila kuigusa, kalamu nyekundu iko mkononi, nikakimbilia "it's" iliyokuwa mstari wa chini yake. Niliporudi nikamuuliza alitaka kusema nini.

"Kwamba kuna washiriki wachache walimaliza mapema. Yaani zoezi lilieleweka."

Sentensi yake ilisema kinyume. "Few participants" ni wachache kwa masikitiko: karibu hakuna aliyemaliza. Alichokitaka ni "a few participants", wachache kwa furaha: wapo kadhaa walioweza. Tofauti yote imebebwa na herufi "a" peke yake, kadudu ambako Kiswahili hakina na kwa hiyo macho yetu yamezoea kukaruka. "Little hope" ni kukata tamaa, "a little hope" ni kubaki na tamaa. Mtu anaweza kuandika ripoti nzima ya mafanikio ikasomwa kama taarifa ya msiba, na mashine isistuke.

Wa pili ni "until". Tunasema nitakuletea hadi Ijumaa, tukimaanisha isivuke Ijumaa. Kwa Kiingereza hiyo ni "by Friday". "Until Friday" ni kitendo kinachoendelea bila kukatika mpaka Ijumaa ifike. Hii ina madhara ya wastani, nisiikuze.

Wa tatu ni "he" na "she". Sisi yeye ni yeye, na mdomo ukichoka unachukua iliyo karibu. Kwenye mazungumzo watu hukurekebisha kwa kicheko. Ila niliwahi kusoma barua ya kumpendekeza mtu iliyoanza na "he" na kumalizia na "she", na aliyeipokea akadhani aya ya mwisho imenakiliwa kutoka barua ya mtu mwingine. Mwombaji alikuwa mmoja, mwema, na hakujua kilichompata.

Wa nne ndiye baba yao.

Mtu anakuuliza: "You haven't sent it?" Nawe hujatuma. Kwa Kiswahili, hujatuma? Ndiyo, sijatuma. Ndiyo yetu inamkubali muulizaji: umesema kweli. "Yes" ya Kiingereza haimjali muulizaji, inajali tendo. "Yes" maana yake nimetuma. "No" maana yake sijatuma. Ukijibu "yes" ukanyamaza, mwenzako anaondoka akiamini kazi imekwisha, wewe unabaki ukiamini amekuelewa kuwa bado. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyekosea hata herufi.

Na hapa Kiingereza chenyewe kina historia ya kukiri kwamba jambo hili ni gumu. Zamani kilikuwa na maneno manne ya kujibu. "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida, "yes" na "no" yalijibu swali lenye kikanushi. Katika karne ya 16, Thomas More, mwanasiasa Mwingereza, akiwa katikati ya ugomvi mkali wa dini na William Tyndale, mtafsiri wa Biblia, alisimama kidogo kumkaripia kwa kuandika "no" mahali pa "nay". Watu walikuwa wanachomwa moto kwa imani zao, naye anapata nafasi ya kusahihisha. Nilipoisoma hiyo nikajiona. Baadaye yale manne yakabaki mawili, na tatizo likaachiwa wageni.

## Digadi

Kulikuwa na usiku nilitaka kufika mwisho wa njia hii na kusema basi, hakuna kosa. Kama maana inafika, mengine ni kelele.

Ushahidi ninao. Jina la utani kwa Kiingereza ni "nickname". Hapo mwanzo lilikuwa "an eke name", jina la ziada. Watu wakasikia vibaya, ile n ikavuka mpaka, ikahamia kwa jirani. "Apron" ilikuwa "a napron", yenyewe n yake ikaibiwa. "Adder", yule nyoka, naye aliibiwa n hiyo hiyo. "Pease" lilikuwa umoja, lakini mwisho wake ulisikika kama wingi, wakaukata, wakapata "pea". Hakuna aliyetuma nyota.

Na sisi je? Waarabu walitupa kitabu, ambacho kwao ki- ni sehemu ya neno lenyewe na wingi wake ni kutub. Tukaitazama ile ki-, tukasema hii tunaijua, tukatengeneza vitabu. Madereva wakaambiwa "mudguard", ile kinga ya tope juu ya gurudumu. Wakasikia madigadi, wakahesabu kuwa ni mengi, basi moja likawa digadi. Ubao wa barabarani ukaandikwa "keep left", tukapata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Mtaalamu wa Kiingereza akisikia digadi anaweza kulia. Mimi naona ni akili tupu. Ni lugha inamvisha mgeni nguo za nyumbani.

Na baadhi ya kanuni zenyewe zina asili ya kuchekesha. Ile ya "less" na "fewer" inayowakosesha watu usingizi: mwaka 1770 Robert Baker aliandika kwamba kwa vitu vya kuhesabika yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Anaona. Kiingereza kilikuwa kimetumia "less" kwa vyote tangu enzi za Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, karne ya 9. Maoni ya mtu mmoja yakakomaa yakawa sheria. Mwandishi John Dryden naye mwaka 1672 aliwalaumu waliomtangulia kwa kumalizia sentensi na vihusishi, na walimu wakalibeba lawama hilo kwa vizazi, huku wenye lugha wakiendelea kuuliza "what are you looking at?" kama kawaida yao.

Kwa hiyo tuzichome kanuni?

Nililala na wazo hilo. Asubuhi nikakuta limepoa.

## Msomaji asiyekujua

Limepoa kwa sababu ya barua moja. Rafiki yangu alinipa niipitie macho kabla hajaipeleka kuomba kazi, na ndani yake kulikuwa na "I am loosing hope". Kwa hoja zangu zote za usiku nilipaswa kuiacha. Maana inafika. Hakuna atakayedhani anafungulia matumaini kamba.

Nikaisahihisha haraka kuliko kawaida.

Kwa sababu namjua msomaji wa barua ile. Alikuwa mimi. Ana rundo mezani, anatafuta sababu ya kulipunguza, na "loosing" ni sababu ya bure. Hakujui, hajui kwamba unaweza kazi. Anachokuona nacho ni zile o mbili. Ni haki? Hapana. Lakini rafiki yangu alihitaji kazi, na hoja yangu kuhusu Mfalme Alfred haiambatanishwi kwenye maombi.

Tatizo ni kwamba sijui niiweke wapi mipaka. Nikimsahihisha kila mtu, nalinda uzio ambao nimeshauona umejengwa kwa maoni ya watu. Nisiposahihisha, namwacha mwenzangu apigwe na wale ambao bado wanaulinda. Kwa sasa ninachofanya ni hiki: mtu akinipa maandishi, nayasoma mara ya kwanza kalamu ikiwa mezani. Namuuliza, hapa ulitaka kusema nini? Ananiambia kwa Kiswahili. Ndipo natazama kama Kiingereza chake kinasema hivyo. Ritifaa naziacha mwisho kabisa, na siku nyingine nachoka kabla sijazifikia. Kwenye makundi ya simu nimeacha nyota. Si kwa wema; naogopa kwamba mtu ataukumbuka ule ujumbe wangu, maana habari zake zimesambaa.

## Kesi yangu

Ilinichukua siku nne kumwandikia yule mwenzangu. Ujumbe wa kuomba radhi ukawa mgumu kuliko ripoti. Nilitaka kuandika "I am sorry for the confusion it's caused" na nikakwama tena pale pale, kwenye ritifaa, nikihesabu kwa vidole kama ni "it has". Ni "it has". Iko sahihi. Nikajikuta nimetumia dakika mbili, nikacheka peke yangu. Kisha nikafanya ambacho sikukifanya mara ya kwanza: nikamsomea binti ujumbe wote kwa sauti, nikamwomba anirudishie kwa Kiswahili alichosikia.

Nikatuma. Nikaeleza kuhusu lazima na si lazima, na kwamba nilikuwa namhurumia usiku wake.

Jibu lilikuja refu, na mstari wa kwanza ulikuwa kicheko. Alisema alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kuniuliza kama bado yumo kwenye kazi. Akasema kikao kijacho ataingia, saa iwe saa ngapi.

Akaingia kweli. Tuliongea vizuri, ripoti ikapita, kila mtu akachangamka kama watu waliotoka mahakamani huru. Tulipokuwa tunaagana akakumbuka jambo. Wiki inayofuata anasafiri, atakuwa ndani ya ndege muda wa kikao.

"You don't mind if I miss the next one?"

Nilikuwa na furaha, nilikuwa na haraka ya kumwonyesha kwamba hakuna kinyongo, na Kiswahili kilikuwa mbele ya ulimi.

"Yes," nikamjibu.

Kimya.

"Yes," akauliza taratibu, "you mind?"